Limita ya besi kwenye stili gita: ikae kabla ya pedali ya sauti, na ibane pigo tu

NyuziKumi (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Kila stili gita inapotajwa humu, hakosi mtu wa kuuliza kama pedali ya limita (ile inayobana sauti inapozidi kiasi) iliyotengenezewa besi inaweza kutumika kwenye stili. Swali lina msingi. Karibu kila bendi ina mpiga besi mwenye limita kwenye begi lake, wakati kompresa nzuri ya gita, ndugu mpole wa limita, ni kitu cha kuagiza na kusubiri. Jibu langu ni kwamba inafaa, tena inafaa sana, ila inategemea umeiweka wapi na umeiruhusu kufanya nini. Ikae kabla ya pedali ya sauti, ishughulike na pigo la kucha peke yake, na mlio unaofuata uachiwe mguu.

Kwa ambao hawajawahi kukiona chombo chenyewe: ni ule mlio mrefu unaolia nyuma ya sauti ya Don Williams na Charley Pride, hizi nyimbo ambazo Kenya nzima inazijua. Wote wawili walipigiwa na Lloyd Green, na ukitaka kujua stili inavyotakiwa kuongea na mwimbaji bila kumkanyaga, msikilize huyo mzee. Chombo kinakaa mbele yako kama meza. Kina nyuzi kumi, mkono wa kushoto unatelezesha kipande cha chuma juu yake, mkono wa kulia umevaa kucha. Chini kuna pedali na wenzo za magoti za kuvuta nyuzi zipande au zishuke sauti. Mguu wa kulia haukanyagi hizo pedali, wenyewe umekaa kwenye pedali ya sauti, ile ya kukuza na kupunguza ukubwa wa sauti, muda wote.

Hiyo pedali ya sauti ndiyo kiini cha mjadala huu. Mpiga stili hapigi uzi pedali ikiwa imekanyagwa hadi mwisho. Anapiga ikiwa imefunguka kama nusu, halafu kadiri uzi unavyofifia anaikanyaga taratibu ili sauti ibaki palepale. Ndiyo maana noti ya stili unaisikia kama haitaki kufa. Kwa hiyo mpiga stili ana kompresa tayari, iko mguuni.

Udhaifu wa mguu ni kwamba hauliwahi pigo la kwanza. Kucha za chuma kwenye vidole viwili, ya plastiki kwenye dole gumba, nyuzi zilizokazwa kwelikweli, na chini yake pikapu (kinasa mtikisiko wa nyuzi) iliyozungushiwa waya mwingi. Pikapu nyingi za pedali stili zinasoma ukinzani wa kilo-omu 17 hadi 20, wakati pikapu ya koili moja ya gita la kawaida inasoma kama 6 hivi. Ukipiga nyuzi tatu kwa pamoja, mwanzo wa mlio unaruka juu sana kuliko mwili wa noti. Jukwaani watu wanashtuka, mwimbaji anakugeukia, nawe unaanza kupiga kwa woga. Mtu anayepiga stili kwa woga hatoi sauti nzuri hata awe na vyombo vya bei gani.

Hapo ndipo limita inapoingia. Limita ina kizingiti. Sauti iliyo chini ya kizingiti inapita kama ilivyo, iliyozidi inabanwa kwa uwiano uliochagua. Ukiweka uwiano wa 4 kwa 1, noti iliyovuka kizingiti kwa desibeli 8 inatoka ikiwa imezidi kwa desibeli 2 tu. Ukiweka 10 kwa 1, iliyovuka kwa desibeli 10 inatoka na ziada ya 1. Kuanzia kwenye 10 kwa 1 kwenda juu ndiko mafundi wengi wanakoita limita, chini ya hapo ni kompresa. Ni mtambo uleule wenye ukali tofauti.

Sasa kwa nini besi ina limita yake? Uzi wa E wa besi ya nyuzi nne unatikisika mara 41 kwa sekunde, maana yake wimbi moja linachukua kama milisekunde 24. Limita ikiwa na haraka ya kubana na kuachia, itaanza kufuata wimbi lenyewe badala ya kufuata ukubwa wa noti, na sauti itakwaruza. Ndiyo maana ya besi hutengenezwa iwe na subira. Stili iko juu zaidi. Kwenye tyuning ya E9, ile ya Nashville, uzi wa chini kabisa ni B ya hezi 123 (yaani mitikisiko 123 kwa sekunde) na wa juu kabisa kwa sauti ni G kali ya hezi 415. Wimbi la hiyo G kali ni milisekunde 2.4. Limita yenye subira ya besi, kwa stili, ni ya polepole.

Wengi wakifika hapo wanasema basi haifai. Mimi nasema upolepole huo ndio unaoisaidia stili ukijua kuutumia. Ule mgongano wa kwanza kabisa wa ukucha na uzi unapita kabla limita haijashtuka, kwa hiyo noti bado ina uso na mwanzo wake unasikika wazi. Kinachobanwa ni ule mfuro unaofuata mara moja, ambao ndio unaoumiza masikio. Tatizo linakuja upande wa kuachia. Ukipiga noti moja kwa nguvu halafu ukafuatisha noti za haraka, zile za nyuma zinatoka dhaifu kwa sababu limita bado haijaachia. Dawa yake ni kupandisha kizingiti hadi limita iguse kilele tu. Ikigusa kidogo, hata kuachia kwake ni kwa kidogo, na sikio halioni.

Nikiwa na Boss LMB-3, ambayo ndiyo ya besi inayoonekana zaidi huku kwetu, naanza hivi. Ina nobu nne: Level, Enhance, Ratio na Thresh. Enhance naifunga kabisa. Imewekwa ili besi ipate ung'avu wa juu, na stili ina ung'avu wa kutosha, ukiuongeza unakata masikio. Ratio naipeleka upande wa ukali. Kizingiti nakiweka juu hadi pedali isifanye chochote, halafu napiga kodi ya nyuzi tatu kwa nguvu ninayotumia jukwaani, si ya chumbani. Nashusha kizingiti polepole hadi nisikie ile kodi imeshikwa. Kisha napiga noti moja laini huku nikiwasha na kuzima pedali. Noti laini ikibadilika umbo, nimeshusha mno, napandisha tena. Mwisho narekebisha Level ili ikiwashwa na ikizimwa ukubwa uwe uleule. Watu wengi wanapandisha Level kwa sababu kikubwa kinasikika kizuri, halafu wanasifu limita wakati walichokipenda ni kelele.

Msururu wangu ni huu: stili, limita, pedali ya sauti, ekou, amplifaya. Karibuni tujadili.

BesiYaKati

Mkuu NyuziKumi, uzi mzuri, nimeusoma mara mbili. Mimi ni mtu wa besi na limita hiyohiyo naiweka mwisho kabisa, baada ya kila kitu, ili chochote kitakachotokea nyuma kisifike kwenye spika kikiwa kimezidi. Kwa nini stili isifanye hivyo? Ukiiweka mwisho si inadhibiti na mguu pia?

NyuziKumi

Inadhibiti na mguu, ndiyo shida yenyewe mkuu.

Besi haina mguu. Kiasi unachopiga ndicho kinachofika kwenye limita, kwa hiyo kizingiti ulichokiweka saa moja jioni kinabaki na maana ileile saa sita usiku. Kwa stili, limita ikikaa baada ya pedali ya sauti, kinachoifikia kinategemea mguu uko wapi. Kwenye wimbo wa taratibu mguu uko chini ya nusu na limita haiguswi kabisa. Kwenye solo mguu umefunguka na kila noti inabanwa. Mbaya zaidi ni pale unapotaka kufungua mguu ili noti ikue, ile hali ya kulia inayopanda nyuma ya mwimbaji. Unakanyaga, limita inabana. Unakanyaga zaidi, inabana zaidi. Mguu unaenda na sauti haiendi, na hisia yote inaishia hapo.

Ikikaa mbele inaona mikono tu. Na kelele je? Limita inaongeza sauti ya hewa kidogo, ile shhh ya chinichini, na pikapu za koili moja zinaokota mngurumo wa umeme. Limita ikiwa kabla ya pedali ya sauti, ukifunga mguu hewa ya pedali na mngurumo wa pikapu vyote vinafungwa pamoja. Ikiwa baada, hewa yake inabaki wazi muda wote hata wewe ukiwa kimya.

Na kuna faida ambayo haihusiani na kubana. Pedali ya sauti ya stili mara nyingi ni ile isiyotumia umeme, yenye potenshiomita ya kilo-omu 500 hivi. Pikapu yenye waya mwingi ikiunganishwa nayo moja kwa moja, pamoja na kebo ndefu, inapoteza ung'avu hasa mguu unaporudi nyuma. Pedali za Boss zina bafa ndani, yaani saketi ndogo inayoizuia sauti ya pikapu isidhoofishwe na kebo na pedali zinazofuata, na inafanya kazi hata ukiwa umeizima efekti. Ikikaa mbele, ule ung'avu hauyeyuki tena kadiri mguu unavyotembea. Kuna wapigaji wa zamani wanaoupenda ule ulaini unaokuja mguu ukifungwa na hawataki bafa, na ni haki yao. Mimi nataka noti ikiwa ndogo iwe ndogo tu, isiwe imefunikwa blanketi.

SoloGongoLaMboto

Nimeweka kambi hapa. Swali: umeongelea E9. Kwenye C6 je? Maana huko kuna nyuzi za chini sana.

NyuziKumi

Swali la mtu anayejua, asante mkuu.

C6 ndiyo tyuning ya swingi na jazi, na uzi wake wa kumi ni C ya hezi 65, umeshaingia katika eneo la besi. Huko limita ya besi iko nyumbani kwake, haina cha polepole. Tatizo linahamia kwingine. Limita hizi zinapima sauti yote kwa pamoja, na nyuzi za chini ndizo zenye nguvu nyingi. Ukiwa na kodi ya juu inalia vizuri halafu ukagusa uzi wa kumi kwa dole gumba, limita inaubana huo uzi na kuzishusha nyuzi za juu pamoja nao. Unasikia kodi imezama, kisha inarudi juu polepole. Wapo wanaoipenda hali hiyo, kwangu inaharibu.

Kwa C6 nashusha uwiano hadi 3 au 4 kwa 1 na kizingiti nakipandisha zaidi. Na dole gumba lijifunze adabu. Hakuna pedali inayoweza kusawazisha dole gumba linalopiga kama linapasua kuni.

FundiMitambo

Nimesoma yote, na kuna mahali sikubaliani na mleta uzi, naomba niseme kama mtu ninayekaa nyuma ya mikisa.

Limita ikikaa kabla ya mguu inawalinda watu na vidole vya mpigaji, haiwalindi na mguu wake. Mimi shida yangu kubwa na stili haijawahi kuwa pigo. Ni mpigaji anayeanza wimbo mguu ukiwa nusu, nampangia sauti yake, halafu ikifika korasi anafungua hadi mwisho na anabaki hapo. Noti za juu za stili ziko katika eneo ambalo sikio la binadamu lina ukali, zinamfunika mwimbaji na zinachoma kwenye twita (spika ndogo za sauti za juu). Hapo limita yako ya mbele haina msaada kwangu.

Halafu jambo la pili, na hili nawaomba vijana wote wa pedali mlisikie. Sauti iliyobanwa kupita kiasi kabla haijanifikia siwezi kuifungua. Iliyo wazi naweza kuibana mwenyewe kwenye chaneli, kwa kiasi ambacho ukumbi unataka. Nipeni ikiwa na uhai.

NyuziKumi

Fundi, hizo ni kazi mbili. Ya kwanza ni ya mpigaji: kusawazisha vidole ili mguu uwe na kitu kilichonyooka cha kufanyia kazi. Ya pili ni ya ukumbi: kuweka dari ambalo stili isilivuke. Kazi ya pili ni yako na nakuachia, weka limita kwenye chaneli. Wala hutahitaji kubana sana, kwa sababu kilele cha pigo kimeshaondolewa mbele, kwa hiyo unachokishika ni mguu peke yake. Zikikaa hivyo, kila moja inafanya kidogo, na noti inabaki na uhai wake.

Kuhusu mpigaji anayebaki na mguu wazi korasi nzima, nakuunga mkono kwa asilimia mia. Hiyo ni nidhamu. Stili ni chombo cha kujibu. Mwimbaji anamaliza sentensi, unajibu, unarudi nyuma.

BesiYaKati

Fundi na mleta uzi mmenielewesha. Kwa hiyo limita yangu mwisho wa msururu inafanya kazi ya fundi mitambo, na ya stili mbele inafanya kazi ya mkono. Hapo nimepapata.

Niongeze kitu cha umeme. Pedali hizi zinataka volti 9 na hasi iko katikati ya plagi. Adapta za bei rahisi zinanguruma, na limita ndiyo inayofichua mngurumo kuliko pedali nyingine, kwa sababu ukishabana vilele halafu ukapandisha Level, vitu vidogo vya chini vyote vinapanda. Umeme wetu ni hezi 50, mngurumo wake uko chini, besi inaweza kuuficha lakini stili ikinyamaza unasikika wazi. Tumia betri kwanza. Ukinyamaza kwa betri na ukanguruma kwa adapta, mchawi umempata.

MamaKwaya

Shikamooni wenye umri, na wengine habari zenu. Mimi napiga stili ndogo ya mapajani ya nyuzi sita kanisani, kwenye nyimbo za kuabudu. Sina pedali ya sauti, naunganisha moja kwa moja kwenye mikisa. Mpiga besi wetu yuko tayari kuniazima limita yake. Haya yote mliyoyasema yananihusu au nipite?

NyuziKumi

Marahaba, karibu sana Mama Kwaya. Yanakuhusu, ila kwako mambo yanageuka kidogo.

Kwanza furahi na chombo chako. Gita la kwanza la umeme kuuzwa kibiashara lilikuwa stili ya mapajani, ile ya Rickenbacker ya mwaka 1932 yenye umbo la kikaango. Na stili kanisani ina historia ndefu. Kwenye makanisa ya House of God ya Wamarekani Weusi stili imeongoza ibada tangu miaka ya 1930, tangu akina Troman na Willie Eason. Kutoka huko ndiko alikotoka Robert Randolph. Msikilize anavyoifanya stili iimbe kama mhubiri, utapata nguvu ya kuendelea.

Sasa limita. Wewe huna mguu, kwa hiyo hakuna wa kuirefusha noti. Hapo ninaachana na kanuni yangu ya kubana pigo tu. Weka uwiano wa wastani, 3 au 4 kwa 1, na ushushe kizingiti zaidi, ili limita iguse na mwili wa noti. Pigo litashuka, utapandisha Level, na mkia wa noti utasikika mrefu kuliko ulivyo. Kwa nyimbo za taratibu utaipenda. Usishushe hadi nguvu na upole wa vidole vyako vikawa kitu kimoja, maana ibada inataka upande na ushuke na watu.

Na kuunganisha moja kwa moja kwenye mikisa: kama tundu unalotumia ni la kawaida la laini (line), pikapu inakuwa imeelemewa na sauti inatoka nzito bila ung'avu. Limita ikikaa katikati, ile bafa yake itakusaidia hapo hata kabla hujagusa nobu.

FundiMitambo

Naongezea kwa Mama Kwaya: mwambie fundi wenu akutafutie kisanduku cha DI, kile kinachoiandaa sauti ya chombo isafiri kwenye kebo ndefu bila kelele, uunganishe stili, limita, DI, kisha mikisa. Kebo ndefu kutoka altareni hadi kwenye mikisa bila DI inaokota kila kelele ya jengo. Na mwambie asikuongezee ung'avu kwenye mikisa kabla hajasikia limita ikiwa imewashwa.

SoloGongoLaMboto

Nimekumbuka kitu. Stili kwenye muziki wa Afrika si ngeni. King Sunny Adé alikuwa nayo kwenye juju, muziki wa Nigeria, miaka ya 80, mpigaji alikuwa Demola Adepoju, na huyohuyo ndiye aliyepiga kwenye wimbo Graceland wa Paul Simon mwaka 1986. Mle stili inapita katikati ya magita mengi na ngoma nyingi na bado unaisikia. Kwa bendi yenye solo, ridhimu na besi kama zetu za dansi, limita ingesaidia stili isimezwe?

NyuziKumi

Adepoju ni somo zuri kwa sababu hapigi sana. Anaingia mahali palipo wazi, anatoka.

Kuhusu kumezwa: limita haikutoi kwenye msongamano kwa kukubana, inakutoa kwa kukupa nafasi ya kupandisha mwili wa noti bila pigo kuruka. Kwenye bendi ya dansi, solo na ridhimu zinacheza noti fupi fupi, mkato juu ya mkato. Stili ina faida ya noti ndefu. Kwa hiyo pale ningebana zaidi kidogo ya ninavyobana kwenye kantri, desibeli 4 au 5 kwenye mapigo makali badala ya 2 au 3, halafu nikae juu ya uzi wa sita kwenda wa tatu, mbali na besi na mbali na ridhimu. Nyuzi za chini ningeziacha kabisa, hizo ni shamba la BesiYaKati.

BesiYaKati

Shamba langu lina hati.

Mkuu swali la mwisho kabla sijaenda mazoezini. Mimi nina limita moja na stili wetu hana. Wimbo wa Don Williams tunaoufungulia onyesho, nani aitumie?

NyuziKumi

Mpe stili. Kwenye wimbo ule besi inatembea noti mbili kwa kipimo, kwa nguvu ileile mwanzo hadi mwisho, vidole vyako vinatosha. Mwambie afunge Enhance, na aweke kizingiti akiwa anapiga pamoja nanyi wote, asiweke akiwa peke yake.